Trakta ndogo yenye loda na mkono wa kuchimba: ninunue ama niendelee kuita JCB? (Rongai, Nakuru)

Mwalimu_Mstaafu
Habari zenu wadau. Naomba mawazo na tafadhali msinicheke. Niko Rongai, hii ya Nakuru si ile ya Kajiado maana kila mara naulizwa, nina ekari 11, ng'ombe 9 wa maziwa, nepia, mahindi kiasi, na barabara ya kuingia boma ya mita 300 hivi inayoteremka, kila masika mvua inabeba muramu wote inampelekea jirani wa chini ambaye hata asante hajawahi kusema.

Kwa mwaka mmoja nimeita JCB mara 4. Shimo la septiki, mtaro wa kukata maji ya barabara, visiki vya mikaratusi, halafu kusawazisha pale tulipojenga zizi jipya. Kazi yao si mbaya, shida ni kuwapata. Unapiga simu unaambiwa kesho, kesho inazaa kesho nyingine, akija anakuja na bei ya lobedi, lile lori la kubeba mashine, kwenda na kurudi hata kama kazi ni ya saa mbili, na dizeli juu yako. Mara ya mwisho dereva aligeuza akaniangushia nguzo ya geti, akaniambia "mama hiyo ilikuwa imelegea".

Sasa kijana wangu yuko Marekani, kila Jumapili ananitumia video za vitrakta vya rangi ya machungwa, mbele loda ya kuinulia mizigo kwa baketi, nyuma mkono wa kuchimba, mzee wa miaka 70 anachimba mtaro akiwa amevaa kofia ya jua na kahawa iko pembeni. Anachotaja yeye ni Kubota BX23S, anasema tukichanga tutaagiza. Nimekapenda, sitaficha. Kuna mtu anako kama hako huku kwetu, ama anajua kama kataweza udongo wetu?

Dereva_KHMA
Shikamoo mwalimu. Hiyo ni ya kupandia maua. Mimi nimekalia kiti cha JCB 3CX miaka 12, ile ni tani 8 hivi na bado kuna mawe inakataa. Hako kadude na kila kitu chake hakafiki tani moja na nusu. Ukigonga kisiki cha mkaratusi wa miaka 15 mtang'oka wewe na trakta, kisiki kitabaki.

Omera_Ahero
@Dereva_KHMA wacha madharau omera, si kila mtu anachimba bwawa. Mimi nina Kubota ndogo ya Japani, si hiyo BX lakini saizi inakaribiana, imekuja na mkono nyuma. Huku Kano ni udongo mweusi wa black cotton tupu, kiangazi ardhi inapasuka mpaka unaweza kupoteza simu kwa ufa, mvua ikinyesha inashika kwa baketi kama ugali ambao haujaiva, unagonga baketi chini mara tano ndio tope litoke. Na bado nilichimba mtaro wa bomba kutoka kisima mpaka kwa nyumba ya kuku, mita 140, kina futi 2, siku mbili na mchana nililala. JCB ingenipasulia boma yote kwa sababu ya bomba la inchi moja.

Dereva_KHMA
Futi 2 hata jembe linachimba.

Omera_Ahero
Kuja uchimbe basi, jembe ninalo.

Kijana_Bahati
Mwalimu mimi ningenunua trakta ya Massey Ferguson, MF 240, ya mtumba halafu uende kwa jua kali wakuundie loda. Spea ziko kila duka, mafundi wako kila mahali, unalima nayo, unabeba nayo. Hizo za Japani ukikosa spea unabaki na mapambo ya boma.

Fundi_Haidro
Nimenyamaza nikisoma lakini hapa kwa MF 240 na loda ya jua kali lazima niongee, maana hizo ndizo zinanipa pesa ya karo, nazitengeneza karibu kila mwezi.

MF 240 ni trakta nzuri, Perkins ya silinda 3, karibu nguvu za farasi (hp) 50, hakuna asiyeijua. Lakini ekseli yake ya mbele iliundwa kubeba pua ya trakta na kuelekeza tu, si kubeba muramu. Weka loda mbele, jaza baketi, uingie shimo na gurudumu moja, spindo inapinda ama bushi zinaisha ndani ya miezi, na kama haina pawa stiaringi utajua mikono ni ya nini. Halafu pampu yake ya ndani ni ya kuinua plau, mtiririko wake ni mdogo, loda inapanda kama mzee anapanda ngazi. Wanaojua wanaongeza pampu ya nje na tangi lake. Wasiojua wanafunga hosi kwa ile ya ndani halafu wananipigia mimi.

Kwa kazi ya loda tafuta 4WD, yaani inayosukuma kwa magurudumu yote manne, hiyo kwangu haina mjadala, maana baketi ikijaa uzito unaenda mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na kama ni ya nyuma ndiyo inasukuma peke yake itazunguka hapo tu ikichimba kaburi lake. Na hata ikiwa 4WD lazima uweke uzito nyuma. Bekho, yaani huo mkono wa kuchimba wa nyuma, yenyewe ni uzito mzuri sana, ndio maana hizo za video zinaonekana zimetulia. Ukiitoa weka kitu kingine.

Sasa hiyo BX23S. Nguvu yake ni hp 21 na kitu, silinda 3, mkono unaenda kina cha futi 6 hivi, na loda inainua kilo 335 mpaka juu, ikipimwa kwa pini, yaani bado hujatoa uzito wa baketi yenyewe. Sasa piga hesabu, kyubiki mita moja ya udongo wenye maji ni tani 1.6 mpaka 1.8. Hako kabaketi kakijaa muramu uliolowa ndio umefika mwisho wa mashine, hakuna cha kuongeza. John Deere 1025R ni ndugu yake, hesabu inakaribiana, nayo mkono wake haufiki futi 7. Kwa mtu wa Marekani mwenye ekari mbili za nyasi hiyo ni mashine nzuri sana. Septiki yako mwalimu ilikuwa ya kina gani?

Mwalimu_Mstaafu
Futi 10.

Fundi_Haidro
Basi hiyo kazi unatoa kwa orodha sasa hivi. 3CX inashuka zaidi ya mita 4, hiyo ndiyo mashine ya septiki. Na huku Nakuru udongo ni wa volkano, mwepesi, ukuta wa shimo unaonekana umesimama vizuri halafu unaanguka wote mara moja. Usimruhusu mtu ashuke kurekebisha chini kwa shimo refu kuliko yeye, hata kama ni dakika moja.

Molo_Viazi
Niongeze moja ambayo wauzaji hawasemi. Injini ya dizeli isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Kisumu, upande wa Omera, iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari kwa hivyo Omera hajui hata tunaongea nini. Huku Molo ni karibu 2,500, robo ya nguvu imeenda kabla hujawasha. Hp 22 ya karatasi kwangu ni 16 na nusu. Rongai uko chini yetu lakini bado utaisikia kwa mlima, na barabara yako umesema inateremka, ikiteremka kuna siku itapanda.

Omera_Ahero
Sisi huku pumzi tunayo lakini mbu pia wanayo.

Omwami_Webuye
Mwalimu pole na nguzo. Nikupe yangu bure, mimi niliilipia.

Nilikuwa na trakta ya hp 35, nzuri, haina shida. Nikaona bekho ya kufunga kwa zile mikono tatu za nyuma, zile za kufungia plau, bei yake ilikuwa nusu ya zile zinazokuja na fremu yake. Muuzaji, sitamtaja, akaniambia zote ni sawa tu. Nikafunga. Mwezi wa kwanza raha, nikawa bingwa wa mtaa, kila mtu anataka mtaro. Mwezi wa tatu nachimba kwa jirani chini ya mti wa mwembe, meno yakashika mzizi, mimi nikavuta kwa hasira. Ile kitu badala ya kung'oa mzizi ikainuka yenyewe, ikajikunja kuja kwangu, kiti kikasogea mpaka goti likagusa leva za kuendeshea. Niliachilia ikarudi chini kwa kishindo. Nikadhani nimeponea. Baada ya siku mbili naona oili inatoka chini ya gia boksi tone tone, nikapangusa na kitambaa, ufa wa urefu wa kidole, pale ambapo mkono wa juu unashikilia. Hausingi ya gia boksi mwalimu. Trakta ikapasuliwa katikati kama samaki. Nilikaa msimu mzima wa kupanda bila trakta.

Fundi_Haidro
@Omwami_Webuye hiyo ndiyo nilitaka kusema na umesema vizuri kuliko mimi. Bekho inafaa kushikwa na fremu inayopita chini ya trakta mpaka mbele inaungana na miguu ya loda, ndio ile nguvu ya kuvuta isambae kwa chuma yote. Ukifunga kwa mkono wa juu, nguvu yote inaenda kwa bolti nne na hausingi ya chuma ya kumiminwa. Chuma hiyo haipindi, inapasuka tu. Kwa hivyo mtu akikuuzia bekho muulize swali moja, fremu yake iko wapi. Akianza kukuna kichwa, aga.

Kijana_Bahati
Kwani JCB yenyewe inafanyaje mbona haipasuki?

Dereva_KHMA
JCB imezaliwa na mikono yote miwili, haikuvishwa. Na hiyo JCB ni herufi za jina la mtu, Joseph Cyril Bamford, Mwingereza, alianza kampuni 1945. Huku kila kitu chenye mkono nyuma tunaita JCB hata kama imeandikwa Case ubavuni.

Mwalimu_Mstaafu
Asanteni sana wanangu, na Omwami pole, hiyo ya goti imenitisha. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Nilitoa kile kitabu changu cha matumizi nikahesabu. JCB mara 4, jumla ya siku zilizofanya kazi ni 5 na nusu. Kwa mwaka mzima! Nilikuwa nahisi kama ni kila mwezi kwa sababu ya hasira ya kungoja. Septiki sitachimba nyingine mimi nikiwa hai. Visiki vimeisha.

Halafu jana nikafanya jambo la kipuuzi kidogo. Nilikaa na kiti pale zizini na punje za mahindi mfukoni, kila wilbaro ya samadi ikipita kwenda shimoni nahamisha punje moja mfuko wa pili. Vijana wawili, kutoka saa moja asubuhi. Walipomaliza ya wiki nilihesabu punje 31. Na hiyo ni kutoa zizini tu, bado haijaenda kwa nepia, ambako ni wilbaro zile zile 31 tena na ni kupanda mlima. Kila wiki. Mmoja wao ameshaanza kushika kiuno akiinuka, ana miaka 26.

Kwa hivyo kumbe kazi yangu kubwa iko zizini, ni kuinua na kubeba, na muramu mara mbili kwa mwaka, na nepia kuisogeza, na magunia ya lishe ya kilo 70. Nimekuwa nikiangalia sehemu ya nyuma ya hiyo video kumbe ya kwangu iko mbele.

Fundi_Haidro
Mwalimu ungekuwa umenifundisha mimi ningekuwa injinia.

Omera_Ahero
Mimi bado napinga kidogo. Mkono ukiwa nao utapata kazi, hujui tu kwa sababu huna. Bomba, msingi wa ua, kuzika ng'ombe akifa Mungu apishe mbali, mtaro wa maji ya mvua kuzibua kila mwaka. Ile ya JCB unaahirisha mpaka inakuwa kubwa, ya kwako unawasha tu asubuhi unafanya ya nusu saa.

Mwalimu_Mstaafu
Hapo umenigusa, mtaro huziba kila mwaka kweli.

Molo_Viazi
Mtaro ulioziba unazibuliwa na vijana wawili siku moja, ama na blade ya nyuma ya kusawazisha, ambayo ni chuma tu haina hosi hata moja. Bekho ina pini na bushi kila kiungo, kila moja inataka grisi karibu kila siku ya kazi, usipopaka inaanza kucheza, baketi inapepesuka kama mlevi. Kwa siku 5 kwa mwaka? Wacha mwenye JCB apake grisi yake.

Fundi_Haidro
Nasimama katikati. Mwalimu, tafuta 4WD ya hp 30 hadi 40, yenye loda ya kiwanda si ya kuchomelewa, na kama utapata ambayo fremu ya loda ina mahali pa kuunganisha bekho baadaye, vizuri, ukikosa usilie. Hizo za mtumba kutoka Japani nyingi zilikuwa za mashamba ya mpunga, kwa hivyo zimeishi ndani ya maji na tope, huo ndio ugonjwa wa kutafuta. Angalia hivi:

Oili ya gia na haidroliki, toa dipstiki, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa maji yameingia. Usikubali hadithi.

Ekseli ya mbele, kwa magurudumu, tafuta oili iliyovuja ikashika vumbi. Sili za hapo huliwa na tope.

Namba ya injini isome mwenyewe. Kubota wanaandika kama D1105 ama V1505, D ni silinda 3, V ni silinda 4, na hizo tarakimu zinakaribia ukubwa wa injini, yaani lita 1.1 na lita 1.5. Hizo injini ziko hadi kwa jenereta, kwa hivyo hata kama mfano wa trakta wenyewe haukuwahi kuuzwa Kenya, spea ya injini utapata. Spea za gia ndizo za kuuliza mapema kabla hujalipa.

Mita ya masaa usiiamini, angalia pedali na usukani. Mita ikisema masaa 600 na mpira wa klachi umelainika kama sabuni, mita imedanganya.

Mwisho, loda. Jaza baketi kitu kizito, inua mpaka usawa wa kifua, zima injini, ungoja dakika 10. Ikishuka kidogo sana sawa, hakuna isiyoshuka kabisa. Ikishuka ukiona kwa macho, sili za silinda ama valvu zimechoka.

Na nguo ya lesso usivae karibu na shafti ya PTO, ile inayozunguka nyuma ya trakta kuendesha mitambo. Hiyo si ya kukagua, nakukumbusha tu.

Mwalimu_Mstaafu
Nimerudi kutoka yadi, sitasema ya nani, ila iko Nakuru. Nilienda na kitambaa cheupe na kipande cha chaki, tabia ya miaka 34 haiishi.

Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya mpaka kwenye hosi, hata stika za Kijapani zimepakwa juu. Nikavuta dipstiki, nikapangusa kwa kitambaa, chai ya maziwa, tena ya sherehe. Kijana wa pale akaniambia "mama hiyo ni oili ya Kijapani iko hivyo". Nikamwambia nimewahi kusikia majibu kama hayo kwa watu wasiofanya zoezi la jioni.

Ya pili haijapakwa, imekwaruzika ubavu, ni Kubota 4WD ya hp 34, silinda 4, loda yake yenyewe. Oili safi rangi ya asali. Ekseli kavu, kulia kuna jasho kidogo. Wakajaza baketi kokoto zilizolowa mvua ya usiku, wakainua, wakazima. Nikachora mstari wa chaki kwa ukuta pale ncha ya baketi ilipofika, nikaangalia saa. Dakika 10, ikashuka upana wa vidole viwili. Muuzaji alikuwa anaangalia ule mstari kuliko mimi.

Haina bekho, na fremu nilipoinama kuangalia sikuona mahali pa kuunganisha.

Fundi_Haidro
Vidole viwili kwa mashine ya umri huo sawa, tumia hivyo vidole kushusha bei, sili za silinda za loda si ghali na nakuja kufanya kwako. Lile jasho la kulia pia litaje.

Mwalimu_Mstaafu
Nimevitaja vyote. Imeshuka. Inakuja Alhamisi.

Dereva_KHMA
Hongera mwalimu. Ukitaka septiki namba yangu bado ni ile ile, na nguzo ya geti nitakuja na simiti yangu. Ndiyo, ni mimi. Na ilikuwa imelegea kweli.

Mwalimu_Mstaafu
Wewe! Nilijua hiyo sauti. Njoo Jumamosi.

Molo_Viazi
😂😂 haya uzi umepata mwenyewe.

Omera_Ahero
Hongera mama. Ukibeba kwa ule mteremko baketi iwe chini karibu na magoti ya trakta, usiinue mpaka ufike pa kumwaga. Ikiwa juu na uko kwa pembe, haiulizi.

Fundi_Haidro
Na kabla ya Alhamisi andaa uzito wa nyuma, kwa sababu bekho huna. Dramu la lita 200, zege ikijaa ni kilo 480, wewe jaza robo tatu tu inatosha. Pitisha chuma ya upana wote ndani kabla ya kumwaga zege, ncha zitokeze pande zote, hapo ndipo mikono ya chini itashika. Kwa trakta yako ni kategori 1, pini ya milimita 22. Matairi ya nyuma pia unaweza kuyatia maji, geuza valvu iwe juu ujaze mpaka hapo. Ulaya wanachanganya dawa isigande, wewe huna hiyo shida.

Mwalimu_Mstaafu
Dramu ninalo, la molasi. Simiti mifuko miwili ilibaki kwa zizi. Chuma ya milimita 22 ndiyo sina, na mwenye hardware wa hapa anasema mpaka wiki ijayo. Kuna mtu wa karibu?

Kijana_Bahati
Niko na shafti ya gari bovu hapa, nimeipima na kalipa ni 22 kamili. Nakuletea kesho ila unitengee wilbaro mbili za samadi.

Mwalimu_Mstaafu
Chukua tano, mfuko wa punje umejaa.